Paipu Iliyozunguka Minji Yangu

Baba Kamau,

Ulikuwa ukirudi safari, hata kama ni Nakuru tu umeenda asubuhi ukarudi jioni, ulikuwa hukai chini kabla hujaniambia, "Haya, nipe habari za boma, na uanze na maji." Ng'ombe angekuwa amezaa mapacha, mimi ningekuwa nimevunjika mguu, wewe unataka maji kwanza. Ilikuwa inanikasirisha. Nilikuwa nakuambia ungeoa hiyo pampu uniache mimi kwa mama yangu. Sasa umeenda safari yako na hurudi kuniuliza chochote, na habari zimenijaa kifuani sina wa kumpa. Basi kaa hapo ulipo unisikilize. Naanza na maji.

Maji yalianza kupungua muda mfupi baada ya kukuzika. Wageni walikuwa wameenda, hema limerudishwa, sufuria za kanisa zimerudishwa, nyumba imebaki na mimi na paka. Nikaingia kuoga. Shawa ikakohoa, ikanimwagia maji ya barafu, na ile taa yake nyekundu ikakataa kuwaka. Unajua ile shawa yetu ya umeme haitoi moto mpaka maji yaisukume kwa nguvu. Na baridi ya Mau Narok unaijua, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Nilisimama pale na sabuni usoni nikakugombeza kwa sauti. Nilikuuliza, hata moto umeenda nao? Halafu nikalia, maana ulikuwa mwezi wa kwanza bila wewe na nilikuwa nalia kwa kila kitu.

Mwanzoni nilidhani ni mimi tu, kwamba mtu akifiwa kila kitu kinamwendea kidogo kidogo. Lakini mfereji wa jikoni nao ukaanza kutoa uzi. Unaweka sufuria ya chai chini yake, unaenda kufungulia kuku, unarudi, haijafika nusu. Nikarudia mambo ya ujana wangu, kubeba maji kwa mtungi wa plastiki kutoka kule chini kwenye kibanda cha pampu. Nikifika katikati ya njia magoti yanagoma, naukalia huo mtungi nipumzike, naangalia watu wa boda boda wakipita barabarani na magunia ya karoti.

Hivyo ndivyo Kamau alivyonikuta alipokuja kuniona. Alibeba ule mtungi na suti yake ya kazini akaupeleka jikoni. Ni baada ya chai ndipo alisema nihamie kwake Nakuru, shamba likodishwe kwa watu wa ngano, nyumba ifungwe. Alisema, "Mama, hii boma ilikuwa inaendeshwa na baba. Bila yeye inakushinda."

Si mtoto mbaya, unamjua. Ana ule woga wako wa kuona mtu wako akiteseka. Na kwake ni kuzuri, wajukuu wako huko, kanisa liko karibu. Lakini mimi nikienda, ni nani atakayekaa na wewe? Watu wa ngano? Wataleta trakta yao wapite kando yako wakipiga honi. Nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu, mpaka akaogopa. Halafu nikamwambia anipe muda nitengeneze maji. Akakubali. Maji yakirudi tutazungumza upya, yasiporudi anakuja na pick-up kuchukua kitanda changu. Kwa hiyo nikishindwa na maji, nimeshindwa na nyumba.

Nikaanza na vitu vidogo, mahali ulipokuwa ukianza wewe. Nilifungua kichwa cha shawa, nikakilaza kwenye siki, nikakizibua kwa sindano. Hakuna. Nikaenda kwa filta kule kibandani. Ile spana yake bado iko kwenye msumari sebuleni, karibu na picha ya harusi yetu, mahali ambapo nimekuomba miaka yote uitoe. Siku hiyo niliishukuru. Nilifungua filta, ndani kulikuwa na tope jekundu la kupandia viazi, nikaosha, nikarudisha. Maji yakaja vizuri asubuhi moja, nikaimba. Jioni yakarudi kuwa uzi.

Nikaita fundi kutoka senta. Kijana ana heshima, lakini alikuwa na haraka. Alipima upepo wa lile tangi dogo la presha, akaliongeza kwa pampu ya baiskeli, akatikisa kichwa, akasema pampu ya kisimani imezeeka ibadilishwe. Nilimwambia mimi pia nimezeeka na sijabadilishwa. Akacheka akaenda.

Na kuna jambo lingine sikumwambia, kwa aibu. Pampu ilikuwa imeanza kuwaka yenyewe. Nimekaa sebuleni jioni, mifereji yote imefungwa, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba, nasikia kule chini inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Wewe ndiye ulikuwa ukitoka shambani saa hiyo kunawa mikono. Kila ilipowaka nilikuwa nageuza uso mlangoni. Hata baada ya kujijua kwamba nitageuka, nilikuwa nageuka. Nilimwambia Mama Chebet jirani, akanishika mkono akasema labda ni wewe una kiu huko uliko, tuite kasisi aje aiombee pampu. Nikamwambia wewe ukiwa hai maji ulikuwa huyagusi, ulikuwa mtu wa chai, kiu hiyo umeipata wapi? Lakini alipoenda nilibaki nikifikiria.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipoza moyo. Kiangazi cha mwaka huu kimekuwa kikali, nyasi zote zimekuwa rangi ya mkate, hata ng'ombe wananilaumu. Lakini pale ulipo wewe, kwenye kona ya chini ya boma, nyasi zilikuwa kijani kabisa, laini, zimepanda mpaka juu ya udongo wako. Kila aliyekuja kunipa pole nilimpeleka akaone. Mama Chebet aliinua mikono akamshukuru Mungu. Kamau alizipiga picha akawatumia watoto wake. Mimi nilikuwa naleta chai yangu huko alasiri, nakaa kwenye kile kiti chako cha kukamulia, najiambia, huyu amepokelewa vizuri. Nilikuwa nalala kwa sababu ya zile nyasi, Baba Kamau. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Sasa sikiliza. Siku moja pampu iliwaka tena, na badala ya kugeukia mlango nikakumbuka maneno yako. Maji yakisumbua ulikuwa unasema, "Funga kila kitu, halafu unyamaze." Nikiendelea kuongea, unaniambia pampu inaongea lakini mimi naishinda. Basi nikakutii, umechelewa kuona lakini nimekutii. Nilifunga mfereji wa jikoni, wa bafu, wa choo, wa ng'ombe. Nikaenda kibandani, nikakaa juu ya debe, nikaikodolea macho ile saa ya kupima presha, yenye mshale. Mshale ukaanza kushuka, polepole, hakuna aliyefungua kitu. Ukashuka mpaka pampu ikawaka.

Nikapanda mpaka nyuma ya jikoni, nikafunga ile valvu ya kuingiza maji nyumbani. Nikarudi kwa debe langu. Mshale ukashuka vilevile. Basi nyumba haikuwa na makosa. Mwishowe nikafunga valvu ya pale pale kibandani, ile ya kutoa maji kwenda juu. Mshale ukasimama. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, na haukusogea. Pampu yako ilikuwa nzima, kisima kilikuwa kizima. Maji yalikuwa yanapotea kati ya kibanda na nyumba, chini ya ardhi, kwenye paipu uliyoizika mwenyewe.

Na paipu inapita wapi? Swali hilo lilinikalisha. Mtu yeyote angesema inapanda moja kwa moja, kibanda kule, nyumba hapa. Nilikuwa tayari kumwita mtu achimbe mstari huo wote. Lakini mimi nilikuwepo ulipokuwa ukichimba huo mtaro. Nilikuwa na mimba ya Kamau na minji yangu, njegere za kwanza kabisa kupanda hapa kwako, ilikuwa imetoa maua pale katikati. Ulikuja na jembe lako na kamba yako iliyonyooka, na mimi nikasimama mbele ya minji na tumbo langu, nikakuambia upitishe paipu yako juu ya maiti yangu. Mama yako alikuwa anatazama. Ndugu zako walikuwa wanatazama. Wewe uliangalia minji, ukaniangalia mimi, ukang'oa kigingi cha kamba. Ukachimba kuzunguka. Ulienda mpaka kona ya chini ya boma ndipo ukapinda kurudi juu, kazi ya siku nyingi za ziada, na hujawahi kunisimanga kwa hilo hata tulipogombana. Ndugu zako walikucheka mpaka wakachoka.

Nilikuwa nakumbuka hayo huku natabasamu peke yangu juu ya debe. Halafu nikainuka. Kona ya chini ya boma.

Nilitembea mpaka kwako. Nilipiga magoti, nikatia mkono kwenye zile nyasi nzuri, na vidole vikaingia kwenye matope.

Walipokuwa wakichagua mahali pa kukuzika kila mtu alisema lake, na wote wakakubaliana pale, panatazama bonde na jua la asubuhi linapafikia. Mimi nilikuwa nimelala kitandani wanawake wamenizunguka, hata nani alikuwa ananiuliza? Mtu mmoja tu ndiye angesema msichimbe hapo, kuna paipu. Na huyo ndiye tuliyekuwa tunamzika. Mimi nacheka nikiandika haya na machozi yananitiririka, sijui ni kipi kinakuja kwanza.

Sikumwambia mtu. Siku chache nilinyamaza kabisa nikaendelea kubeba maji kwa mtungi. Unajua kwa nini. Nikiziba paipu, nyasi zinakauka, na nitakuwa sina kitu cha kuonyesha watu wala cha kuangalia mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechagua nyasi. Nilikuwa tayari kupoteza maji, na nilikuwa najua pick-up ya Kamau inakuja Jumamosi, na bado nikazichagua.

Kilichonigeuza ni soksi. Nilikuwa nakunja nguo zako, zile ambazo sijagawa, nikafika kwa soksi. Wewe ulikuwa unavaa mbili mbili hata Januari. Ukinyeshewa kidogo unaomba beseni ya maji ya moto, unalalamika mpaka kesho. Nikazishika nikafikiria, huyu mtu amelala kwenye maji. Kiangazi chote amelala kwenye maji na mimi nimekaa juu yake nakunywa chai namshukuru Mungu. Sikuweza kuzikunja. Nilitoka vile vile na leso begani nikaenda kumtafuta Rotich.

Rotich ndiye aliyeongoza vijana waliochimba kaburi lako, yule mrefu wa boda boda uliyekuwa ukimwita Mheshimiwa. Nilimkuta pale stejini akipangusa pikipiki yake. Sikuwa nimesema neno zaidi ya paipu, na akavua kofia. Akaniambia kwamba asubuhi ile walipokuwa wakichimba, jembe lilipita kwenye ukingo wa chini wa shimo likatoboa paipu. Maji yakaruka. Mmoja akakimbia kufunga kibandani, Rotich akakata ukanda wa tyubu kuukuu ya pikipiki yake, wakaifunga paipu, wakaona imeshika, wakafukia. Watu walikuwa wameanza kuimba, jeneza lilikuwa limefika getini. Wakakubaliana wasiniambie. Nilimuuliza ni kwa nini, na miezi yote hii anapita hapa kwangu ananisalimia. Akaangalia chini akasema, "Mathe, siku ile ungeambiwa vipi? Na siku zingine zote nilikuwa nakukuta umekaa pale kwa mzee, na hizo nyasi unazipenda."

Nilikuwa nimeenda kumkaripia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia tu alete jembe.

Walikuja wale wale vijana wote, bila kuitwa mara ya pili. Rotich alinionyesha kwanza, akanichorea chini kwa kijiti, kwamba paipu iko upande wa mteremko, kupita mahali miguu yako ilipo, na maji yanashuka kwenda nje kwa ua, hayapandi kuja kwako. Nikamwambia aape. Akaapa kwa mama yake. Siwezi kujua, Baba Kamau. Nimeamua kumwamini kwa sababu sina njia nyingine ya kulala.

Walichimba taratibu, wamevua kofia, hakuna aliyeongea kwa sauti. Udongo wako hawakuugusa. Walipofika kwenye paipu nilisogea nikaona ule ukanda wa tyubu umelegea na maji yanabubujika kando yake, safi kabisa, ya kunywa. Walikata kipande chote cha paipu kinachopita kwako wakakiacha, wakaunga paipu mpya, wakaizungusha mbali na wewe kwa mtaro mpya. Kijana mmoja alisema hii paipu imezunguka sana, mbona mzee hakuinyoosha. Nikamwambia muulize yeye. Halafu nikaona aibu, nikawaambia hadithi ya minji. Walicheka, hata Rotich, wamesimama kando ya kaburi lako wakicheka, na mimi nikaona hukukasirika.

Nikafungua maji. Mshale ukapanda ukasimama. Nilingoja pampu iwake yenyewe, nusu nikiomba isiwake, nusu nikitaka iwake hata mara moja tu. Haikuwaka. Jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya na niligeuka mlangoni bure.

Kamau alikuja Jumamosi na pick-up kama alivyosema. Vumbi la barabara ya Mau Narok lilikuwa limemfanya mzee wa mvi. Nikamwambia aoge kwanza, tutazungumza baadaye. Akaniangalia kwa huruma, akanyanyua mtungi jikoni akaukuta mtupu. Nikamwambia aache mtungi aende bafuni. Nikasikia shawa inanguruma. Nikasikia mtoto anaanza kupiga mluzi. Mimi nikageuka kwa sinki, bila kufikiria, nikafungua mfereji nioshe vikombe.

"Mama, funga huko!"

Ilikuwa sauti yako. Siyo kwamba inafanana. Ilikuwa ile ile, na ule ukali wa kuchomwa na baridi, na vile ulivyokuwa unavuta "huko" kama ng'ombe amekukanyaga. Miaka yote hiyo nimefungua mfereji ukiwa unaoga, na nusu ya hizo nilikuwa nafanya makusudi, nikusikie tu. Nilifunga. Mkono ulifunga wenyewe. Halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na kikombe mkononi.

Kamau alitoka na taulo, povu masikioni, akadhani nimeanguka. Akapiga magoti akaniuliza nimeumia wapi. Nikamwambia aseme tena. Hakuelewa. Nikamwambia nilikuwa namsikia baba yake. Akakaa hapo chini na mimi, mtu mzima amevaa taulo, na akalia vile ambavyo hakulia siku ya mazishi, maana siku hiyo alikuwa na kazi ya kupokea wageni. Hatukuzungumza habari ya kuhama. Baadaye alishuka kibandani peke yake akakaa sana, aliporudi akaniomba nimwonyeshe filta inafunguliwaje. Nilimpa spana kutoka kwa msumari. Akaitumia, akairudisha pale pale karibu na picha, na sikumwambia aitoe. Pick-up ilirudi Nakuru na magunia ya viazi.

Hizo ndizo habari za boma. Nyasi zako zimekauka. Nilijua zitakauka, na bado siku ya kwanza nilipoziona zimeanza kugeuka rangi nilirudi ndani sikunywa chai. Sasa uko kama shamba lingine lote, unangoja mvua na sisi. Wageni wakija siwaonyeshi kitu, nawaambia tu umelala pale.

Nakuacha upumzike, baba wa mtoto wangu. Upumzike pakavu. Mvua ikianza nitakupandia minji kuzunguka, na mtu akija na jembe lake atanikuta nimesimama mbele yake kama siku ile. Maji sitayaacha yapotee tena. Na siku nitakapokuja huko, mimi ndiye nitakayeoga kwanza, wewe usiguse mfereji wowote mpaka nitoke.

Mama Kamau wako